Jumamosi ya Kuuzingira Mnara

Kwa wiki sita nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: nikimwambia mama nilichokiona Jumamosi ile, nitampunguzia mzigo au nitamtwisha na wa kwangu? Nililigeuza kila upande. Nikiamua kusema, nilijiona mbinafsi. Nikiamua kunyamaza, nilijiona mwizi. Kunapambazuka, sijaamua.

Kaka yangu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao hapa Kisangani tunauita SS tu. Alinizidi miaka minne, nami nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Baridi, kiu, uchovu: kimojawapo kilitosha kumwamshia maumivu ya mifupa. Nyumbani sote tulizijua dalili. Kwanza vidole. Kisha magoti. Kisha ananyamaza.

Mpira hakuuweza, kwa hiyo alipenda mchezo wa mezani. Jirani yetu wa mtaa wa Kabondo, fundi wa simu, aliupata kwenye faili la Kifaransa akanakili kanuni zake kwenye daftari la shule. Ni mchezo wa kusimulia: kila mtu ana mhusika wake, mwongozaji anaeleza yanayotokea, na bahati inaamua kama pigo limefika. Dunia yake ni ya mapanga, minara na watu wanaorusha moto kwa maneno. Hao tuliwaita mage, kwa Kifaransa, maana neno mchawi mama asingelivumilia chini ya bati lake. Kete za pande ishirini hatukuwa nazo. Tulikuwa na vizibo ishirini vya chupa, vimeandikwa namba kwa rangi ya kucha, ndani ya kikombe cha bati. Unaingiza mkono, unachota kimoja.

Yaya alikuwa mage siku zote. Miezi mitatu alikaa peke yake ndani ya mnara wa mawe, na mimi na binamu yetu tuliongoza jeshi lililotumwa kumtoa. Binamu alipenda kuvamia. Kila Jumamosi alisimamisha ngazi ukutani, na kila Jumamosi yaya alizichoma pamoja na askari waliozipanda.

"Ongeza ingine, binamu," alimwambia. "Kuni zangu zimeisha."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sheria, na kazi sikuwa nayo. Nililisoma lile daftari kama nilivyosoma sheria za ardhi, mstari kwa mstari, nikaelewa kwamba mage hashindwi kwa ujasiri wa mtu yeyote. Ana nguvu nane kwa siku, kila moja kwenye kadi yake. Kadi iliyotumika hairudi mpaka alale usiku mzima. Hawezi kuchoma asichokiona. Akichomwa mshale katikati ya maneno yake, ile nguvu inapotea bure. Kinachobaki ni kumchosha.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliwakataza askari wangu wasiuguse ukuta. Wapiga mishale niliwaficha nyuma ya vizuizi vya ngozi mbichi, mbali kidogo kuliko moto wake ulivyoweza kufika. Nikaagiza watu mia wa majani makavu, wenye taa mikononi, wavutwe kwa kamba gizani. Na ngoma zipigwe usiku kucha, kwa zamu, chini ya dirisha lake.

"Sasa unanipiganisha na majani?" yaya aliuliza.

"Unaweza kuacha kuchoma."

"Na kama kati yao iko mutu wa kweli?"

"Utamujua akiisha kupanda."

Akamgeukia yule fundi wa simu, mwongozaji wetu. "Maître, unaona huyu? Diplômée bila kazi iko hatari sana. Iko na wakati!"

Tulicheka wote, naye zaidi.

Lakini mbinu ile ni ya polepole, huo ndio ubaya wake. Kila shambulio la uongo linachotewa vizibo, kila usiku wa ngoma unachotewa vizibo. Tulianza saa nane mchana. Saa kumi na moja ilipofika, yaya alikuwa amebaki na kadi tatu, na mage wake hakuwa amelala usiku tatu mfululizo. Hapo ndipo alipokisogeza kikombe kwa binamu.

"Nichotee weye. Uko na mukono ya bahati."

Binamu akachota. Zamu iliyofuata, yaya akamwomba tena. Nilitazama chini ya meza nikaona vidole vyake vimekunjwa mapajani, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Maji yake ya kunywa yalikuwa bado yamejaa kwenye glasi.

Nilijua. Niliwaza: ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Niliwaza pia kwamba, kwa kanuni yetu, mchezo ukikatishwa mage anahesabiwa amelala. Tukisimama, kadi zote nane zinamrudia, na kazi yangu ya mchana kutwa imekwisha. Nikasema, "Ngoma ziendelee." Tuliendelea mpaka saa kumi na mbili na nusu.

Baadaye alinifuata jikoni kuomba dawa.

"Usiambie mama. Atanikatalia kwenda kesho."

Kesho yake kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa mjomba, kule kwa wavuvi wa maporomoko, ambako mama alizaliwa. Yaya alikuwa hajamwona yule mtoto. Nikampa vidonge viwili.

"Lakini leo umenibana," alisema akimeza. "Bien joué."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Mimi Jumapili nilibaki nyumbani. Wakati wa kurudi, mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya, na mjomba aliwasihi wangoje. Mama alikuwa ameacha samaki juu ya uchanja, wanakaushwa kwa moshi kwa ajili ya soko la Jumatatu, na aliogopa mikononi mwangu moto utazimika au utawaunguza, kwani kazi ile sikuijua. Akasimamisha pikipiki, akampakia yaya katikati yake na dereva. Mvua iliwakuta njiani. Walifika wamelowa mpaka ndani, yaya akitetemeka, na usiku huo maumivu yakampanda kifuani. Alhamisi alitutoka, hospitalini.

Matangani kila aliyeingia mama alimsimulia habari ya pikipiki. Mama mdogo alijaribu kumtuliza.

"Dada, ni Mungu njo alimuita."

"Mungu hakumupandisha kwenye pikipiki," mama akajibu. "Ni mimi. Juu ya samaki."

Nilikuwa nimekaa mkekani, hatua mbili kutoka kwake, nikamsikia akijishtaki kwa sababu ya samaki.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba chanzo cha maumivu hakijulikani kwa hakika. Huenda mvua, huenda uchovu, huenda hakuna. Neno hilo nililishika kama mtu aliyeangukia majini. Nilijitetea na kujishtaki kila nilipofumba macho. Hakuna ushahidi kwamba ni Jumamosi. Hakuna ushahidi kwamba si Jumamosi. Ila jambo moja sikuweza kulitetea: mama angejua kwamba vidole vya yaya vilikwisha kuanza kuuma, asingemtoa nyumbani. Alikuwa amejihukumu kwa nusu ya ushahidi, na nusu nyingine nilikuwa nayo mimi.

Wiki ya sita, asubuhi, nilisikia nyundo uani. Mama alikuwa anaung'oa uchanja. Fito alikuwa amekwisha kuzilaza chini, na wavu wa chuma ameuviringisha na kuufunga kwa kamba.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninauzisha. Kuko mama mumoja wa Isangi anakuja kuubeba."

"Na tutakula nini?"

"Sijui. Sitaki tena kuona samaki."

Uchanja ule ndio uliotulisha na kulipa masomo yangu. Nilisimama mlangoni nikianza tena hesabu zangu za usiku: nikisema atanichukia, nikinyamaza atajimaliza, nikisema nusu atauliza nusu ya pili. Mama akaishika nguzo ya mwisho, akaanza kuitikisa itoke ardhini. Nikaenda nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Acha kwanza. Kaa."

Akakaa juu ya kibao chake. Mimi nilikaa chini, kwenye majivu ya zamani, nikamwambia. Kikombe alichokisogeza. Vidole. Glasi iliyojaa. Vidonge viwili na ahadi niliyompa. Nilimwambia kwamba safari ya Jumapili aliitaka yaya mwenyewe, na kwamba alinifunga mdomo ili aipate, nami nikakubali.

Mama hakulia. Aliweka mikono magotini.

"Uliona vidole yake."

"Ndiyo, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na mulicheza mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na juu ya nini haukusimamisha?"

Majibu nilikuwa nayo mengi, ya wiki sita, na kila moja lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake: kwamba ni mtu mzima, kwamba alikuwa anacheka, kwamba hakupenda kuulizwa mbele ya watu. Niliyaacha yote.

"Nilikuwa ninashinda, mama," nikasema. "Njo juu ya ile sikusimamisha. Nilikuwa ninashinda."