Ukuta wa Ghala la Tumbaku

Evanthia Gouga alifiwa na mumewe mwezi wa Februari, na hata Juma Kuu lilipokaribia hakuwa amedondosha chozi. Si kwamba alijizuia. Machozi yenyewe hayakuja. Alipika, akafua, akavaa nguo zake nyeusi, akaenda kazini katika chuo cha kilimo nje kidogo ya Karditsa, Ugiriki, alikokuwa mtunza majengo na alikokuwa mumewe dereva wa trekta. Watu walipomwambia, "Uishi wewe, umkumbuke," aliitikia kwa kichwa. Neno "amekufa" hakupata kulitamka. Alisema, "Apostolis hayupo," kana kwamba mzee ametoka kidogo kwenda kunywa kahawa.

Mahali pekee palipomfaa palikuwa nyuma ya ghala kuukuu la tumbaku, penye ukuta wa matofali ya udongo uliotazama kusini. Ukuta ule ulitoboka mithili ya chujio, na matundu yake yalikaliwa na nyuki wa mwitu, wenye manyoya, wasio na mzinga wala malkia: kila jike na chumba chake, chavua yake na wanawe. Pelagia, mwalimu kijana wa somo la wadudu, ndiye aliyewapigania. Aliomba majani ya uwanjani yasifyekwe kabla ya maua kupukutika, milozi isipulizwe dawa inapochanua, na ukuta uachwe ulivyo. Adhuhuri Evanthia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama. Nyuki hawakumuuliza kama amekula.

Asubuhi moja Zisis, mtunza bustani, akaja na toroli la udongo na chokaa.

"Bi Evanthia, shika brashi. Mkuu kasema. Jumamosi ya Lazaro, kuamkia Matawi, askofu anakuja kubariki matrekta mapya, asije akakuta ukuta una ndui."

"Mwalimu kasema usiguswe."

"Mwalimu! Yule ukimwachia atawatandikia nyuki shuka."

Evanthia hakucheka, wala hakukasirika. Katika nchi ile hakuna aingiaye Pasaka na ukuta mchafu. Hupakwa ngazi, hupakwa mashina ya miti, hupakwa hata kingo za barabara. Yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, ndiye aliyeyaziba matundu yale na kusifiwa kwa weupe wake, hadi Pelagia alipofika chuoni na kuomba kazi hiyo isimame. Sasa aliwaza jambo moja tu: ukuta ukipakwa, adhuhuri atakaa wapi?

Mkuu wa chuo, Bwana Vaios, akatokea, Pelagia akimfuata unyounyo.

"Bwana Mkuu, mkiyaziba matundu mnawazika hai!"

"Nikiyaacha nitazikwa mimi, kwa midomo ya watu. Watasema chuo kizima kimekosa ndoo ya chokaa."

"Basi tuwaeleze."

"Binti yangu, askofu akishuka garini utaanza kumhutubia habari za chavua? Bi Evanthia, anza."

Evanthia akachovya brashi. Mkono uliijua kazi, ukainuka wenyewe. Mbele ya macho yake nyuki mmoja akatoka tunduni, akasita ukingoni, akaruka. Evanthia akairudisha brashi ndooni.

"Haupakwi," akasema.

"Kwa nini?" Mkuu akauliza.

"Apostolis amekufa."

Akaelekeza kidole kwenye ghala.

"Miaka thelathini alilaza trekta la chuo humu ghalani. Nyumba yangu sikuipaka mwaka huu, na huu nao haupakwi. Uko msibani."

Nyumba yenye msiba haipakwi chokaa hadi mwaka uishe. Hilo hata mtoto wa Karditsa analijua, na hakuna askofu atakayelihoji. Bwana Vaios akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba.

"Mungu amrehemu. Zisis, rudisha toroli."

Evanthia alisimama akingoja. Alidhani neno lile likishatamkwa kitu fulani kifuani kitapasuka. Hakikupasuka kitu. Vidole tu vilimwasha kwa chokaa.

Pelagia akamshika mkono. "Ahsante, mama. Lakini msiba ni wa mwaka mmoja. Mwakani je?"

"Mwakani utawaeleza wewe, mwanangu, na uanze leo. Mimi sina mume mwingine."

Kisha akainua ndoo, akaenda kupaka mashina ya milozi.