Kiwiko cha Dereva

Kile kichwa cha treni kilikuwa na namba ndefu ubavuni, lakini karakana nzima walikiita Shangazi. Alianza kusikika kabla hajafika, na akishafika kila mtu anakaa vizuri. Mwanamke aliyeichora namba hiyo, na kuichora upya kila rangi ilipobadilishwa, walimwita Fundi Rangi. Aliingia karakana msichana, akastaafu bibi, na sasa walimwita tena kwa kazi moja tu. Shangazi anawekwa mbele ya stesheni ili watu wapige naye picha, kwa hiyo lazima apendeze.

Kupendeza kulianza kwa kukwangua. Zamani hakuna aliyekuwa na subira hiyo. Kichwa kikibadilishwa kazi, rangi mpya ilipakwa juu ya ile ya zamani, basi. Ndiyo maana Fundi Rangi alipoanza kusugua msasa, maisha ya Shangazi yakaanza kurudi nyuma. Juu ilikuwa njano ya uzeeni, alipokuwa akisukuma mabehewa humo humo yadini, hata geti havuki. Chini yake kijani ya mizigo, saruji na mbolea na magogo, miaka ambayo vumbi lilimwingia mpaka kwenye honi akawa anapiga kwa kukohoa. Na chini kabisa nyekundu. Hiyo ilikuwa ya abiria, ya mapazia madirishani na watu kutoka majumbani kupunga mkono. Fundi Rangi alipoiona ikichomoza aliketi juu ya ndoo, msasa mkononi, akawa hayupo.

Alikuwa msichana tena. Ndiyo kwanza amemaliza kupaka nyekundu ile ile, brashi hajaosha, na dereva mmoja kijana akapanda, akaketi, akatoa kiwiko dirishani kama mtu aliyefika kwake. Kwenye rangi mbichi! Alimsema mpaka mate yakamkauka. Kijana mwenyewe, shati lake likiwa na kiwiko chekundu, alimsikiliza akitabasamu kama anaimbiwa. Shati lile alilivaa wiki nzima, mtu hana haya. Tangu hapo, popote alipomkuta na kopo, hata akipaka choo cha wafanyakazi, alisimama na kiwiko hewani akamuuliza kama imekauka. Kwa swali hilo alimtongoza, kwa swali hilo akamwoa, na nyumbani wakinuniana ndilo lililokuwa la kuombea msamaha. Atasimama mlangoni, kiwiko juu. Nani ataendelea kununa?

Dereva alimwendesha Shangazi katika rangi zote tatu. Kiwiko kililamba rangi chini ya dirisha, mkewe akapaka, kikalamba tena, mpaka pakatokea kibonde kidogo kwenye chuma. Wahandisi wanasema kiwiko hakiwezi kubonyeza chuma. Sawa. Kibonde kipo.

Siku hizi Dereva hukaa nyumbani, kwenye kiti cha karibu na dirisha la chumbani. Watu wamemtoka kichwani mmoja mmoja, wanashuka kila stesheni bila kuaga. Walianza kushuka majirani, wakafuata wajukuu, na mwaka huu akashuka mkewe. Anamwita dada, kwa adabu sana, na humshukuru kwa chai. Hilo "asante dada" lilimkata Fundi Rangi maini kuliko tusi. Lakini kiwiko bado hukiweka dirishani, anatazama ukuta wa jirani ukipita. Jioni nyingine mkewe huketi kitandani akaona kweli kitanda kinatikisika, pazia linapepea, nyumba nzima inasafiri, naye ni abiria tu asiyejulikana na dereva.

Alichotaka ni kimoja. Dereva aketi ndani ya Shangazi mara moja kabla ya rangi mpya, huenda akamjua mkewe. Binti yao hakupenda.

"Mama, na asipokujua hata huko?"

"Nitapaka rangi, mwanangu. Si ndiyo kazi niliyoitiwa?"

Mkuu wa karakana, kijana mwenye haraka zake, alikuwa ameshamletea kopo la puti azibe kile kibonde, maana wageni wa sherehe hawataki kuona mabonde. Fundi Rangi alimwitikia vizuri, akaliweka kopo chini, akaenda kumleta mumewe kwa teksi. Ngazi ya Shangazi si ya wazee. Mkuu alikuja kugomba, akaishia kumshika mzee kiuno na kumpandisha.

Dereva akaketi. Akagusa hiki, akagusa kile, akatazama reli zilizoota nyasi.

"Hii inakwenda wapi, dada?"

Fundi Rangi alimwambia haiendi popote. Akashuka haraka, asionekane macho. Basi, amejaribu. Alisimama nje chini ya dirisha, akafungua kopo la puti, akamimina tina ya kuyeyushia rangi kwenye kitambaa kusafisha kibonde kabla ya kukiziba. Harufu kali ya tina ikapanda. Alikuwa anafuta huku hata hakioni anachokifuta, machozi yamemjaa, ndipo kivuli kikapita juu ya mkono wake.

Kiwiko kilikuwa kimetoka dirishani. Hakikutua. Kilisimama hewani juu ya kibonde, kikisubiri.

"Imekauka?" Dereva akauliza.

Aliinua uso. Mume wake alikuwa anamtazama yeye, akitabasamu kama anaimbiwa.

"Imekauka," akasema. "Weka tu."

Kiwiko kikatua mahali pake, na kwa kitambo Shangazi alikuwa njiani tena, mapazia yanapepea nyuma yake. Mkuu wa karakana alifungua mdomo aulize habari ya puti, akaufunga. Fundi Rangi alikuwa ameshalifunika kopo.

Kwenye teksi Dereva alimwita dada tena, akamshukuru kwa safari. Fundi Rangi akamwambia karibu. Ndipo alipoona mkono wa shati la mumewe, pale kwenye kiwiko, umeshika vumbi jekundu la msasa. Alimwacha alivae wiki nzima.