Magongo ya Dada Tulizo

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi pale Mafinga, siku niliyotembea kwa magongo nami nina miguu yangu yote miwili. Cheka kwanza, mwanangu, kisha unisikilize.

Nilikuwa kijana seremala, mwenye kujisikia, nikifanya kazi kwa Mzee Mgaya. Akaja dada mmoja aitwaye Tulizo, aliyepooza mguu tangu utotoni, ameshikwa mkono na kaka yake. Alikuwa amepata kazi kwa fundi cherehani sokoni, kazi aliyoiomba kwa miaka, na alitaka magongo ya kumfikisha huko peke yake. Nami nikamuuliza kaka, "Yawe marefu kiasi gani?" Kaka akasema yafike kwapani kabisa, asije akaanguka. Tulizo alifungua mdomo, lakini mimi nilishageukia randa yangu. Ndivyo tulivyozoea huku kwetu: mlemavu akija na ndugu, anayesemeshwa ni ndugu.

Nilichagua mbao ya paini iliyokauka vizuri, nikaipiga msasa na vanishi. Yalipendeza, sikatai. Ila gongo halitakiwi kubana kwapa. Uzito hubebwa na viganja. Wiki ya tatu mikono ya Tulizo ikafa ganzi, sindano ikawa inamponyoka, na tajiri wake akamrudisha nyumbani.

Mzee Mgaya alipopata habari hakupandisha sauti. Alinikunja mguu mmoja akaufunga kwa mpira wa baiskeli, akanipa magongo yaliyonibana kwapani.

"Mbao uliipima mara tatu," akasema. "Mwenye kwapa hukumuuliza hata mara moja. Nenda kwake hivyo hivyo."

Nikapanda kile kilima cha kwao. Nilipofika, vidole vyangu vilikuwa havisikii kitu.

"Kamwene, dada," nikamsalimu. "Nimekuja kuomba msamaha."

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Siku ile nilikuwa nataka kukwambia," akasema. "We ulikuwa unamwangalia kaka."

Kesho yake nilirudi na msumeno, nikayakata magongo pale uani, yeye mwenyewe akinionyesha wapi. Ganzi ilimwisha baada ya miezi. Lakini kwenye ile cherehani alishakaa mtu mwingine, na hakuna nilichoweza kuchonga kikamrudishia nafasi yake. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu mjukuu wangu bado naishi naye.

Leo ninyi mafundi vijana mnaunda viti mwendo na miguu bandia, na mnajua mengi nisiyoyajua. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akija na ndugu yake, mpe ndugu kiti apumzike. Wewe inama kwa yule atakayekitumia hicho chombo, umuulize yeye, halafu ungoje mpaka amalize kusema, hata kama anasema polepole.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Lakini kabla ya mikono, akubarikie masikio.