Matanga Juu ya Remorki

Mwanamke akikuambia "mimi ao mashine", usicheke. Mimi nilicheka, na kesho yake mke wangu akafunga vitu vyake, akabeba mtoto mgongoni, akapanda lori kwenda kwa baba yake Bengamisa.

Alikuwa na haki, niseme ukweli. Mashine ya kukoboa mpunga niliyoinunua kwa mbwembwe ilikuwa imekaa miaka miwili katikati ya nyumba yetu ya vyumba viwili, hapa mjini, enzi zile bado tunasema Stanleyville. Kwenda kitandani ulipita kwa ubavu. Mdomo wake wa kumwagia mpunga ulikuwa kabati la nguo za mtoto. Mpunga wenyewe ulikuwa Bengamisa, nami sikuwa na kitu cha kupelekea mashine huko. Mke wangu alinigeukia akiwa juu ya lori: "Ukinifuata, unifuate na ile chuma yako. Ukikuja mikono mitupu, rudia njiani!" Mbele ya majirani wote! Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaanza kutafuta remorki.

Niliipata kwa fundi mmoja wa matofali. Ilikuwa ya baba yake, msafirishaji wa zamani: jukwaa la mbao juu ya magurudumu, bila ukuta wowote, la kufungwa nyuma ya lori. Mzee mwenyewe alikuwa amelala juu yake mchana ule, hata hakunijibu salamu. Nilipiga mbao teke, nikaingia chini kuangalia chuma za magurudumu, nikanusa grisi kama mtu anayejua. Breki haikuwa nayo. "Unaweka gogo," fundi akaniambia, na gogo akanipa bure. Nikalipa. Tukapatana niichukue baada ya juma mbili, siku ambayo rafiki yangu dereva angepeleka lori tupu Bengamisa kufuata mpunga.

Siku ilipofika tukaingia na lori uani kwa fundi. Juu ya remorki yangu wamekaa wanawake kumi na mmoja, kwenye mikeka, na sufuria inatoa moshi, na wote wanalia.

Mzee alikuwa amefariki. Mvua ilikuwa imejaza uwanja maji, na mahali pakavu pa kukalia matanga palikuwa pale tu.

"Remorki iko ya kwako, papa, sikatae," fundi akasema. "Chukua. Lakini matanga iko juu yake."

"Basi washuke."

Hata waliokuwa wanalia waliacha, ili wanitazame vizuri. Kumbe matanga haiinuki mpaka iondolewe na mwenye haki, na mwenye haki alikuwa dada mkubwa wa marehemu.

"Iko wapi huyo dada?"

"Bengamisa. Miguu yake haitembee tena. Tunamungoja."

"Atakuja lini?"

"Hawezi kukuja."

"Sasa mnamungoja namna gani?"

"Tunamungoja tu."

Nilipandwa na hasira, nikaanza kupiga kelele. Katikati ya kelele mtu akaniwekea mkononi sahani ya pondu na samaki, nami, mjinga wa kwanza, nikala huku nagombana. Hapo ndipo nilipojimaliza. Huwezi kugombana na matanga uliyokula chakula chake. Kabla sijameza, mjane wa mzee alikuwa amekwisha kunifunga kitambaa cheusi mkononi.

"Bon, sasa uko wa kwetu," akasema. "Remorki ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Bengamisa."

Wanawake wakatazamana. "Alors?" mjane akasema. "Tulisema matanga haishuke. Nani alisema remorki isitembee?"

Basi tukaenda kwangu kuipakia mashine katikati ya wafiwa, wanaume sita wakihema. Wanawake walisogea kidogo, mmoja akashika sufuria. Mjane akaiegemea mashine kwa mgongo, akasema ni nzuri kuliko ukuta.

Kwenye daraja la Tshopo polisi akatusimamisha.

"Nani alikufa?"

"Bwana yangu," mjane akajibu.

"Maiti iko wapi?"

"Tulimuzika juma lililopita."

Polisi akaizunguka mashine mara mbili, akainua kifuniko, akachungulia ndani. "Na hii?"

"Hii iko ya huyu," mjane akanionyesha, "mutu wa matanga."

Akakiona kitambaa changu, akavua kofia, akanipa pole. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, lakini machozi yakanitoka, kwa ajili ya mzee ambaye hata salamu yangu hakuipokea.

Njia nzima nilikaa nyuma na gogo langu. Kila mlima nilikuwa naruka, naweka gogo chini ya gurudumu, napanda tena. Matope yakazidi kuturukia. Mjane akanivua kofia bila kuuliza, akazibia mdomo wa mashine. Ilikuwa kofia ya kahawia, mke wangu aliishona ilipopasuka, kwa uzi mwekundu.

Bengamisa, uwanja wa baba mkwe uko penye mteremko. Lori likasimama, nikaruka, nikaingia chini kabisa kulikaza gogo. Juu yangu wanawake, kwa kuona wamefika, wakaanza kulia upya kwa nguvu zote. Kutoka pale chini nikaona miguu ya mke wangu inakuja mbio.

Aliiona mashine. Aliwaona wanawake wa matanga. Aliiona kofia yangu. Mimi hakuniona.

"Yoo! Bwana yangu! Nilimufukuza na mudomo wangu!" Akaanguka magoti matopeni. "Ile mashine ikae katikati ya nyumba, ikae hata kitandani, munirudishie mutu wangu!"

Wanawake wakamsaidia kulia, kama inavyopasa, wala hakuna aliyeuliza anamlilia nani. Baba mkwe akasema kwa huzuni, "Alikuwa mujinga, lakini alikuwa na moyo."

Najua ilinipasa kutoka. Lakini wewe ungetoka? Mke wangu alitaja mikono yangu. Alitaja ninavyoimba vibaya nikifanya kazi, na kwamba bila wimbo ule hapati usingizi wa mchana. Miaka mitano ya ndoa sikuwa nimesikia hata nusu. Nikalala pale, shavu kwenye matope, nimekumbatia gogo, mpaka nikashindwa, nikalia kwa sauti.

Uso wa mke wangu ukashuka taratibu, ukanitazama. Akanivuta nje kwa kile kitambaa cheusi, akachukua kofia, akanipiga nayo mpaka mkono ukachoka. Halafu akakaa chini, akashika mguu wangu. Dada wa marehemu alipoletwa juu ya kiti kuondoa matanga, mke wangu bado alikuwa ameushika.

Mashine ilikoboa mpunga Bengamisa miaka mingi. Kila tulipogombana nilimkumbusha maneno yale, naye alijibu kwamba aliyasema kwa maiti, mimi nisiyadai.

Mwaka jana alifariki yeye. Nilikaa kwenye matanga yake nikasema ya kwangu yote, kwa sauti, mbele ya watu, bila aibu. Watu walipotoka nikainama, nikachungulia chini ya kitanda.