Ndala ya Kushoto na Barabara ya Majina Manne

Nilipoiweka ile ndala juu ya meza yake, ina alama ya tairi kutoka kisiginoni hadi kidoleni, karani wa halmashauri aliacha kuandika. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni mwangu analia, na karani alikuwa ameniuliza tena swali lilelile nililoulizwa wiki nzima: barabara ya aina gani?

"Pima mwenyewe," nikamwambia. "Hilo tairi ni la mkoa au la taifa?"

Ndala ilikuwa ya binti yangu wa kwanza, wa miaka saba. Shule yake iko ng'ambo ya barabara pale Mkolani, na tangu kila mwenye pesa aruhusiwe kuleta basi lake, mabasi yanakimbizana hapo kugombea abiria utadhani sisi wengine ni kuku. Jumatatu mwanangu aliruka, ndala ikabaki, basi likapita juu yake. Dereva hata honi hakupiga. Nilichotaka ni matuta mawili, moja kila upande wa shule. Basi.

Jioni ile majirani tulikaa kwa mwenyekiti wa mtaa kuandika barua, tukapoteza saa nzima kwenye mstari wa kwanza. Sisi wa Mkolani tunaiita lami, maana hatuna lami nyingine. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Majita kunisaidia uzazi, akakataa. Kwao njia kubwa kuliko zote ni ya vumbi, wanaiita barabara ya basi, na lami haijawahi kuiona. Sasa lami itakuwaje jina la barabara? Wakabishana mpaka uji niliouacha jikoni kwangu ukaungua. Mwenyekiti alipochoka akaandika "lami ya kwenda Shinyanga", akagonga muhuri.

Karani huyu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar, aliisoma kesho yake huku anamung'unya pipi. "Hiyo haiwei, dada," akasema kwa Kiingereza chake cha Dar. "Haiwei siyo yetu. Nenda mkoani."

Mkoani nilimkuta mzee mmoja. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu, akavaa miwani, kisha akanieleza kwamba kwenye orodha yake hakuna barabara inayoitwa lami wala haiwei. Kuna barabara kuu, kuna za mkoa, kuna za wilaya. Yangu ni kuu, na kuu ni za wizara, ila ikishaingia mjini inaangaliwa na halmashauri. Nikamuuliza mjini panaanzia wapi. Akasema inategemea. Nikamuuliza kama madereva wa mabasi nao wameambiwa kwamba inategemea. Akavua miwani, akaanza kuifuta.

Siku zote hizo bibi ndiye aliyekuwa anamvusha mjukuu wake, na bibi mwenyewe amezoea barabara inayopitiwa na basi moja kwa siku. Ijumaa asubuhi nikawakuta wamesimama katikati ya lami, wameshikana mikono, mabasi mawili yanapishana huku na huku. Bibi alikuwa amefumba macho. Niliwavuta mpaka pembeni, nikaingia ndani, nikaichukua ndala nikaenda nayo mjini.

Karani aliisukuma kidogo kwa ncha ya kalamu.

"Mama, tuelewane," akasema. Jumanne nilikuwa dada. "Nikipokea barua yenye jina lisilo sahihi, itarudishwa."

Nikamwambia anipe karatasi. Kidato cha nne nilimaliza, barua ya kiofisi naijua. Niliandikia palepale mezani kwake, nikanyonyesha palepale, na sikuinuka mpaka alipogonga muhuri wa kupokea.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BARABARA

Barabara ninayoilalamikia inaitwa lami na sisi tunaoivuka, barabara ya basi na mama mkwe wangu, haiwei na karani wenu, na barabara kuu na ofisi ya mkoa. Ni moja tu. Inapita kati ya nyumba yangu na shule ya mwanangu.

Naomba ijengewe matuta mawili kabla hajavuka mtoto asiyejua kuruka. Ofisi itakayosema barabara hii si yake inijibu kwa maandishi, na itaje ni ya nani.

Nakala: Ofisi ya Mkoa.

Kiambatisho: ndala moja, ya kushoto.