Adui wa Hatua Ishirini

Kanisani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, neno adui lilikuwa na kazi mbili, na sijawahi kuona mtu akilionea haya. Jumatano, siku ya maombi ya vita, adui alikuwa wa kuchomwa. Tulisimama, tukakunja ngumi, mchungaji akasema adui apigwe, tukajibu apigwe. Adui aungue, tukajibu aungue, mpaka jasho likaloanisha kola. Jumapili adui alikuwa wa kupendwa. Nilipokuwa mdogo niliuliza katika shule ya Jumapili kama kuna siku hapo katikati, labda Ijumaa, ambayo adui anapumzishwa. Mwalimu aliniambia nikae chini. Alikuwa na fimbo, nikakaa.

Baadaye nilielezwa kwamba adui wa Jumatano ni Shetani, na adui wa Jumapili ni wale watu waliotufukuza, waliobaki kule Kongo. Wote wawili walikuwa na sifa moja nzuri sana: hawakuishi kambini. Mtu aliweza kumchoma mmoja na kumpenda mwingine bila kuinuka kwenye benchi. Watu wazima walitoka ibadani wamejaa upendo kwa askari walio ng'ambo ya mpaka, wakafika bombani, wakatukanana juu ya zamu ya madumu.

Bingwa wa mambo haya alikuwa baba yangu, mzee wa kanisa. Nyumba yetu kule milimani, Kivu Kusini, ilichomwa mwaka wa tisini na sita, vita vilipoanza. Mimi sikumbuki kitu, nilikuwa mgongoni kwa mama. Baba alikumbuka kwa niaba yetu sote. Ushuhuda wake wa kuwasamehe waliotuchomea ulipendwa mpaka akawa anaitwa kanisa kwa kanisa, hapa kambini, kisha Kabingo, kisha Mbarara kabisa. Alikuwa na koti la kazi hiyo, la kijivu, la mtumba, ambalo hakulivaa kwa jambo lingine. "Walichoma nyumba, nimewasamehe. Walichukua ng'ombe, nimewasamehe." Kila alipofika kwenye nimewasamehe alifungua kiganja kama mtu anayeachia ndege. Akina mama walilia. Mimi mwenyewe nililia mara sita za kwanza. Mara ya saba nilihesabu vifungo vya koti.

Sisemi alidanganya. Naamini aliwasamehe kweli. Ila wale watu wangerudi kumchomea mara ya pili, angewasamehe tena upesi kuliko alivyoweza kumwambia jirani yetu jambo.

Maana adui tuliyekuwa naye kweli aliishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Alikuwa Mkongomani kama sisi, Mkristo kama sisi, wa kanisa lingine lililojitenga na letu kwa sababu ya kinanda. Shamba lake na letu yalitengwa na ua wa fito na miiba. Siku moja mbuzi wake aliingia kwetu akala maharage yaliyokuwa yametoa maua, mistari minne mizima. Baba alimfukuza kwa mpini wa jembe, na mpini ukavunja mguu wa mbuzi. Jirani alimchinja jioni ile ile. Harufu ya supu ilitujia kupitia kuta zote, na hata mfupa mmoja hakutuletea. Kuanzia hapo hawakusalimiana kwa miaka minne.

Lazima niseme mapema kwamba ule upenyo wa ua aliopitia mbuzi niliufanya mimi. Niliachwa kulinda maharage, nami nilikuwa na akili za mbali. Niling'oa fito tatu ili nipite njia ya mkato kwenda bombani, nikarudi, nikakaa kwenye kivuli kuchora magauni, ambayo kwetu huitwa kanzu, udongoni kwa kijiti. Nilikuwa napanga duka langu Mbarara, lenye kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo. Nilipofika kwenye mikono ya gauni la bibi harusi, mbuzi alikuwa mstari wa tatu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Baba alisema jirani ameng'oa fito kusudi. Jirani alisema ua wetu ni wa uvivu.

Kila asubuhi kabla ya shamba baba alituombea kwa sauti ya kufika mbinguni bila msaada. "Ee Bwana, unamujua ule adui mwenye kuingizaga mbuzi zake mu shamba za batu."

Kutoka ng'ambo ya ua, jirani akipiga mswaki, akajibu: "Amina."

"Umushushe, Bwana."

"Amina, muzee. Endelea."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Basi Bwana hakumshusha. Watu wa kijiji chetu hapo kambini walipiga kura wakamfanya mwenyekiti, na muhuri wa kijiji, au kashe kama tunavyosema sisi, ukaingia mfukoni mwake. Mwaka huo huo nilipata nafasi ya kujifunza kushona kwa masista wa Nyamitanga, Mbarara. Baba yangu Mprotestanti aliwasamehe Wakatoliki kwa dakika moja, kwa kuwa walikuwa hawalipishi cherehani. Nafasi ilikuwa na sharti moja: nifike Jumatatu asubuhi na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye kashe, inayosema mimi ni nani na nina tabia gani. Bila barua, nafasi anapewa msichana mwingine. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba tu. Nafasi ya pili isingekuja, na hilo nililijua hata mimi niliyekuwa naota mchana.

Baba alisema hawezi kwenda kuomba. Nikaenda mwenyewe.

"Karibu, mutoto wa shujaa wa imani," jirani alisema. "Kaa."

"Asante, papa. Nimekuja juu ya barua ya shule."

"Papa yako miguu inamuuma?"

"Hapana. Yuko shambani."

"Mimi namuona pale, amekaa ku kiti, ametupa mugongo."

Nikageuka. Ni kweli, mgongo wa baba ulionekana wazi, umenyooka kama mlango uliofungwa.

Jirani alitoa kashe mfukoni, akaipuliza, akaiweka juu ya meza kati yetu. "Iko hapa. Haina kilema. Inangoja yeye."

Nilirudi nikayasema yote kama yalivyo. Baba akasema hata Farao alikuwa na kashe.

"Lakini wewe umesamehe bale balituchomea nyumba," mama alisema. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa. "Huyu ni maharage tu."

"Mama, bale balikuwa bapagani. Huyu ni mukristo. Alijua."

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi na bado sijapata pa kuliweka. Kumbe ili baba akusamehe ilibidi kwanza usimjue Mungu, halafu uwe na bunduki, na ikiwezekana ukae nchi nyingine.

Alhamisi mama aligoma kupika. Aliketi tu karibu na mafiga yaliyopoa. Saa kumi baba akavaa koti la ushuhuda. Nilipoliona nilikata tamaa, maana nilijua ni hotuba gani imo ndani yake. Alinipa ishara nimfuate.

"Bwana asifiwe," baba alisema mlangoni.

"Amina, muzee. Ingia. Leo jua litatokea magharibi."

Baba alisimama katikati ya chumba, akakohoa kidogo. "Ndugu yangu, mwaka wa tisini na sita, kule milimani..."

"Muzee," jirani alimkatiza, kwa upole kabisa, "mwaka ule mimi nilikuwa nakimbia sawa na wewe. Sikuchoma nyumba yako."

"Ninajua."

"Mbuzi yangu ilikula maharage. Sema maharage."

Baba alifungua kiganja. "Nimesamehe yote."

"Yote ni nini?"

"Yote."

"Maharage imo ndani?"

Niliutazama mdomo wa baba ukijaribu, ukifunguka na kufungika. Mtu aliyesema nyumba, ng'ombe, moto na bunduki mbele ya mamia ya watu alishindwa kutamka maharage mbele ya mmoja.

"Na muguu ya mbuzi?" jirani aliendelea. "Ilijivunja yenyewe? Hapo nani anamusamehe nani?"

Baba akafunga koti, akatoka. Jirani akairudisha kashe mfukoni na kunitazama kama mtu aliyeshinda karata. Nilimdharau. Alikuwa na haki katika kila neno, na alikuwa anaifurahia haki hiyo kama mtu anavyofurahia nyama, peke yake. Nilimdharau na baba, na koti lake, na kile kiganja. Nililala njaa nikiwa na hakika kwamba mimi ndiye Mkristo pekee katika mtaa ule.

Ijumaa nilitembea kambi nzima nikijaribu kuzikumbuka zile fito tatu kwa namna nyingine, labda zilikuwa zimeoza, labda zingeanguka zenyewe. Hazikuwa zimeoza. Nilitumia nguvu kuzing'oa.

Jumamosi nilimfuata baba shambani. Sitaki kusema Roho alinisukuma, ingawa kanisani ningepigiwa makofi. Kilichonisukuma ni Jumatatu.

"Papa, ile siku ya mbuzi, fito niliziondoa mimi."

Hakuacha kulima mara moja. Jembe lilipiga mara mbili zaidi. "Wewe?"

"Mimi. Nilipita pale kwenda maji."

"Fito ngapi?"

"Tatu."

"Haukurudisha?"

"Nilisahau. Nilikuwa nachora kanzu."

"Kanzu," alisema. Akakaa juu ya tuta. "Miaka ine."

Nilingoja kiganja kifunguke. Mkono ule ulikuwa umesamehe kikosi kizima cha askari, na mimi nilikuwa mmoja tu, tena wa damu yake. Mkono ulibaki juu ya mpini. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Leo nadhani alikuwa mtu aliyenyang'anywa. Kwa miaka minne aliamka na adui, akaomba na adui, akala akimfikiria. Mimi nilikuwa nimemchukulia kitu hicho na sikuwa na kingine cha kumpa badala yake.

Akainuka, akaacha jembe pale pale, akaenda kwa jirani na suruali yake iliyotoboka magoti, miguu ina tope. Hakunipa ishara ya kumfuata. Mimi na mama tulibanana nyuma ya ukuta wetu kusikiliza.

Kwanza sauti ya baba, ya chini, bila mapambo yoyote. Nilisikia mguu, nikasikia mpini, nikasikia nilikosa. Mama alinishika mkono akaukaza. Kisha jirani akaanza kucheka, si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu, na baba naye akafuata.

"Mutoto moja," jirani alisema. "Mutoto moja wa mwanamuke, na sisi bazee babili, miaka ine."

"Kichwa yake iko fasi ingine," baba alisema.

"Mimi namuonaga. Anapita hapa na ndoo, anaongea na miti."

"Siku ile alikuwa anachora kanzu mu udongo."

"Kanzu? Na mbuzi inakula?"

"Inakula."

Wakacheka tena, kwa muda mrefu, kama watu waliosoma pamoja. "Apelekwe Mbarara, muzee," jirani alisema. "Akibaki huku atamaliza mbuzi za kijiji muzima."

Hivyo ndivyo agizo la kumpenda adui lilivyotimizwa mtaani kwetu. Hakuna mchungaji aliyekuwepo, na hakuna aliyefunga wala kukesha. Wazee wawili walipatana kwa kukubaliana kwamba mimi ni mjinga. Nilisimama nyuma ya ukuta masikio yakiwaka moto, na mama, badala ya kunitetea, alikuwa anajizuia asisikike anavyocheka.

Baba alirudi na barua. Kwa kawaida barua hizo zilikuwa na mistari miwili. Hii ilijaa ukurasa mzima, na kashe ilipigwa mara mbili, juu na chini. Iliandikwa kwamba mwenye barua hii ni mtoto wa rafiki yangu wa karibu, hana wizi, hana ugomvi, ila akili zake huzunguka sana, kwa hiyo anaomba kusimamiwa. Baba aliniwekea mkononi akasema nifunge mizigo. Hakusema amenisamehe. Jumapili hakwenda kushuhudia popote. Alishinda na jirani wakisimamisha fito mpya, na kila walipofika kwenye ile sehemu walinitazama.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la ndizi. Niliwachukia wote wawili mpaka Kabingo. Hapo dereva aliposhuka kunywa chai niliisoma tena ile barua, nikawachukia upya mpaka Mbarara. Nilifikiri kuichana. Bila barua hakuna nafasi, kwa hiyo nikaikunja vizuri nikaiweka kifuani.

Sista aliyenipokea Nyamitanga alijua Kiswahili, cha upande wa Bukoba. Aliisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa nimesikia kwamba barua hizi zinatupwa kwenye droo bila kusomwa. Hii ilisomwa mpaka mwisho.

"Akili zinazunguka ni nini?" aliuliza.

"Naota, sista. Mchana."

"Basi nisikuweke dirishani."

Alinipa cherehani ya mwisho, inayotazama ukuta. Wenzangu waliona mto Rwizi na watu wanaopita na nguo zao, mimi niliona chokaa. Muhula mzima nilishona mistari iliyonyooka kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, na kila sindano ilipokatika nilikuwa na wazee wawili wa kuwatukana moyoni. Jirani alikuwa rahisi, nilimalizana naye wiki ya tatu. Baba alinichukua muda. Ilikuwa siku ya kawaida, sikumbuki ni Jumanne au Jumatano, nilikuwa napinda sketi ya shule, nikafika mwisho wa pindo nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijamkasirikia. Nikakata uzi, nikachukua sketi nyingine.