Maziwa ya Moto Kwenye Friza ya Mama Mkwe

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, mji ulijaa makarani wageni waliolalamikia jua kana kwamba sisi ndio tulioliwasha. Mama mkwe wangu aliona mbali. Alinunua friza, akaiweka sebuleni kwetu Maisaka, akaivika kitambaa cha kufuma. Mimi, bibi harusi wa miezi mitatu, nikapewa kona moja nigandishe barafu zangu za maziwa za kuuza. Vifuko vyake vilifungwa kwa uzi mweupe, vyangu kwa mwekundu.

Sheria ilikuwa moja: maziwa yakishachemka, yapozwe kwenye beseni la maji mpaka kidole kisilalamike. Cha moto kinaua friza. Haya alinieleza kupitia kwa mume wangu, hata nikiwa nimesimama hapohapo.

"Mwambie huyu asije akaniulia friza."

Jina langu kwake lilikuwa huyu.

Siku moja foleni ya bombani ilinichelewesha. Nilimkuta mama mkwe anamalizia kupanga vifuko vyake, vimeshapoa. Alipotoka tu kwenda kwenye ibada ya akina mama, nilivipanga vyangu vikiwa bado vinaunguza vidole, nikafunga mfuniko, nikamwomba Mungu. Jioni alipofungua, vyenye uzi mwekundu vilikuwa mawe. Vya uzi mweupe vilikuwa uji.

Nikasema ukweli, na hapo ndipo nilipojiponza.

"Niliweka yakiwa ya moto, mama. Yakatangulia kuganda."

"Mwambie huyu njia ya mwongo ni fupi," akamwambia mwanawe. "Kabadilisha nyuzi. Kaniibia barafu zangu."

Mwizi, ndani ya miezi mitatu! Niliumia mpaka chakula kikanishinda. Sikutaka barafu wala kona ya friza. Nilitaka niaminiwe katika nyumba ile.

Akaitwa mshenga, kwa kuwa ndoa ikikwaruza hutafutwa yule aliyeiunganisha. Mzee alifika na koti la suti kwenye jua la mchana, akaitikia shikamoo zetu, akafungua kikao kwa sala, akaiombea na friza. Kisha akaamuru jaribio: bakuli la maziwa ya moto, bakuli la maziwa ya baridi, na sisi wote mashahidi.

Tukapanga viti kuikabili friza. Kila baada ya dakika mbili mshenga alifungua mfuniko, akachovya kidole kwenye kila bakuli, akakilamba, akatafakari. Mama mkwe naye akachovya, asije akapunjwa. Mume wangu, niliyemtegemea anitetee, alichovya mara tatu akatangaza kwamba la baridi lina sukari zaidi. Kufikia saa kumi mabakuli yalikuwa nusu, na friza ina joto kama sisi. Ndipo umeme ukakatika.

"Ushahidi umelambwa," mshenga akahukumu. "Lakini mdogo ndiye huomba radhi."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa sababu maziwa yaliganda. Niliwachukia wote mle ndani, friza ikiwemo.

Baadaye nilijaribu tena kwa siri. Mara ya moto yalitangulia, mara yalichelewa, na sikuwahi kujua yalikuwa yanaamua vipi. Nasikia hata wasomi bado wanabishana.

Wiki mbili zilipita. Nikarudi kutoka sokoni mapema, nikamkuta mama mkwe jikoni peke yake. Beseni la kupozea lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu. Sufuria inafuka, naye anamimina maziwa kwenye vifuko, anapuliza vidole, anafunga uzi mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akapakia vifuko kwenye sinia, akalinyanyua kwa mikono miwili. Akatazama mlangoni, akimtafuta mwanawe wa kumpitishia maneno. Hakuwepo.

"Mwanangu," akasema, "nifungulie friza, mikono imejaa."

Nilikimbia kuifungua.